Chungu Kilichovuja Södertälje

Vårby gård, 9 Septemba 2023

Mama Mkubwa Vénantie mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi, mimi mtoto wako Hortense. Habari za kifua? Habari za magoti? Yule mbuzi mkorofi bado anakula nguo zilizoanikwa? Sisi hapa tu wazima. Baridi imeanza kubisha hodi na nimeshatoa koti kabatini. Kazi ni ile ile ya nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja Mswidi, ana miaka tisini na miwili, kila asubuhi ananiuliza kama mimi ndiye dada yake. Namjibu ndiyo, naye anakula uji wake wote.

Katekista Egide, najua unaisoma barua hii kwenye simu yako kabla ya kumwandikia Mama upya kwenye karatasi. Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Ingekuwa rahisi kumpigia, lakini mwenyewe amekataa. Anasema sauti yangu ikikatika anadhani nimekufa.

Mama, binti yangu Maombi anaolewa. Ndiyo, yule niliyekutumia picha yake akiwa hana meno ya mbele, sasa ana miaka ishirini na minne na anafanya kazi maabara. Kijana anaitwa Arnaud, Mrundi, anaunda malori kiwandani Södertälje, mpole, anaosha vyombo bila kuambiwa. Mama yake, Elvire, anaongoza kwaya na anapenda mambo yaende kama nyumbani. Siku ya mahari, mwezi wa tano, anataka koo mbili zinywe kwa mirija kutoka chungu kimoja. Ndoo ya plastiki hataki hata kuisikia. Nami, mdomo ukanitangulia, nikasema najua pa kukipata chungu. Bonaventure wa kanisani kwetu anakwenda Bukavu Desemba kumwona mama yake. Atapita kwako akichukue.

Sasa nina ombi la pili, na naliandika nikiona aibu. Bonaventure akifika, usimwambie wewe ni nani kwangu. Huku wananijua kama Muhavu wa Kalehe. Ilianzia kambini, kwenye kambi ya wakimbizi. Mwanamke mmoja kwenye foleni ya maji aliniuliza kabila, nikataja la majirani zetu, na jioni ile nikaona watu wanakunywa nami kikombe kimoja. Tangu hapo sikuipata siku ya kulirudisha neno lile. Marehemu mume wangu ndiye pekee aliyejua. Maombi hajui. Anadhani barua hizi namwandikia mama mmoja wa parokia, kwa sababu nilimwambia sina mtu nyumbani.

Na mjomba wa Arnaud, mzee Léonidas, ndiye msemaji wao. Ni mtu mzuri, lakini ni wa zamani. Akisikia sisi ni Batwa, hatatia mrija wake kwenye chungu kile, na mtoto wangu ataaibika mbele ya watu mia mbili. Nisamehe, Mama.

Mtoto wako,
Hortense


Kacuba, Kalehe, 3 Novemba 2023

Hortense,

Salamu. Kifua kipo. Magoti nimemwachia Mungu, ayafanye atakavyo. Mbuzi tulimla Pasaka, na alikuwa mgumu hata kwenye sahani.

Barua yako ilikaa kwa Egide wiki tatu kwa sababu barabara ilikatika. Kisha ilikaa kwangu wiki mbili zaidi, kwa sababu zangu.

Nimefurahi Maombi anaolewa. Mwanaume anayeosha vyombo bila kuambiwa, kwetu hajawahi kupita, mshikeni vizuri. Waambie wale vizuri na wasigombane mbele ya wakwe. Hapa tunaendelea. Soko limepungua, watu wanapenda plastiki kwa sababu ikianguka haivunjiki. Kanisani padri mpya anatuita tukae mbele. Tunamshukuru, halafu tunarudi benchi letu la nyuma tulilolizoea.

Chungu nitakifinyanga. Kikubwa, cha shingo fupi, cha kunywewa na watu wengi. Habari za udongo usiniulize, hiyo ni kazi yangu.

Kuhusu Bonaventure, nitamwambia mimi ni kizee muuza vyungu. Wala si uongo. Lakini nimeumia, Hortense. Nasema mara moja tu na sitarudia. Mama yako alipotuacha ulikuwa na miezi minane. Nilikufunga mgongoni nikawa nakanyaga udongo kwa miguu tangu asubuhi, wewe ukilala, na ukiamka uliuchukua udongo uliokaukia shingoni mwangu ukautia mdomoni. Leo niwe mtu asiyekujua. Sawa. Nilikulea ili uishi, na unaishi, kwa hiyo sina madai.

Chungu kipya kinataka kusubiriwa. Asikikimbize huyo Bonaventure.

Vénantie


Vårby gård, 28 Januari 2024

Mama Mkubwa wangu,

Pokea salamu za theluji, imefika hadi magotini. Nilisoma barua yako mara moja, nikaikunja, nikashindwa kuisoma tena mpaka Krismasi. Umesema hutarudia, nami sitakulazimisha. Nataka tu ujue kwamba nililia kwenye treni na mwanamke nisiyemjua akanipa karatasi ya kufutia pua, na Waswidi si watu wa kumgusa mtu kwenye treni.

Chungu kilifika tarehe kumi na nne. Bonaventure amekipakata ndege tatu nzima, kimefungwa kwa kipande cha godoro, na uwanja wa ndege walimuuliza ndani mna nani. Alidhani wanatania, kumbe waliona anakibembeleza kama mtoto. Ni kizuri sana. Nilitia mkono ndani nikazipata alama za vidole vyako na nikabaki nimekaa hapo sakafuni.

Jumapili iliyofuata nikakipeleka Södertälje kwa Elvire. Alikuwapo na mzee Léonidas. Elvire akakijaza maji akisema tukijaribu, tukala, tukanywa chai. Tulipoinuka sakafu ilikuwa imelowa. Chungu kilikuwa kinavuja upande mmoja, pole pole, kama machozi ya mtu anayejikaza.

Elvire akaanza kupiga yowe. Nami, Mama, mikono yangu haikuniuliza. Nilimwaga maji, nikakipangusa, nikaanza kukigonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka, sikio limelala juu yake, mpaka nikapasikia mahali penyewe. Nikaomba unga wa muhogo, nikapika uji mwepesi, nikakipasha chungu moto kidogo kwenye oveni, nikaumimina uji humo na kukiviringisha mapajani ili ule udongo uunywe na kuziba. Nusu saa nzima, na sketi yangu ya kanisani. Nilipoinua macho mzee Léonidas alikuwa ameweka kikombe chake chini.

"Mama Maombi," akasema, "hiyo kazi ulifundishwa na nani?"

"Bajirani betu ba zamani. Nilikuwa nabaangalia tu."

"Bajirani." Akakitazama chungu. "Kwetu hiyo kazi ni ya Batwa peke yao. Bibi yangu alikuwa anabaita, banaitengeneza pale inje. Mu nyumba habaingie."

Elvire akacheka. "Wacha maneno, Léo, chungu kimepona!"

Na mimi nikacheka, Mama. Nilicheka nao, mikono imejaa uji. Ndilo jambo ninalotaka ulijue kuhusu mtoto uliyemlea.

Lakini kuna lingine. Nilipokuwa nakigonga, haikuwa sauti ya udongo wa Kacuba. Wetu ukichomwa unalia juu, mwembamba. Huu unalia chini, na una mchanga. Wewe hujawahi kufinyangia mchanga, ulikuwa unatupiga makofi tukikuletea udongo wa namna hiyo. Umeutoa wapi? Uliniambia nisiulize. Nauliza. Kinamasi chetu cha kuchimbia udongo kimepatwa na nini?

Nijibu upesi, nakuomba.

Hortense wako


Kacuba, 17 Machi 2024

Mwanangu Hortense,

Nakusalimu. Mvua ni nyingi, maharagwe yameoza, mimi sijaoza bado. Umesikia kwa sikio kilichokuwa kwenye chungu, na umekaa zaidi ya miaka ishirini bila kugusa udongo. Nilimtaka Egide anisomee kipande hicho mara tatu, hadi akachoka. Nilijivuna, na kukuficha sitakuficha tena.

Kinamasi hakipo. Ni mwaka wa pili huu. Alikuja bwana mmoja na karatasi yenye mihuri, akachimba mifereji, maji yakatoka, akapanda miti ya mbao na kuzungusha seng'enge. Udongo upo chini ya miti yake na mlinzi ana panga. Nilipokataa kuondoka aliniuliza, kwa adabu kabisa, karatasi yangu iko wapi. Mababu zetu wamechimba pale tangu hapajawa na karatasi Kalehe nzima.

Udongo wa chungu chako niliuokota nyuma ya tanuri la matofali la watu, saa tano kwenda na saa tano kurudi, nikauchanganya na vigae vilivyosagwa. Nilijua si mzuri. Niliomba tu uvumilie siku moja ya mahari. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na harusi, na kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia.

Tulikuwa wafinyanzi kumi na mmoja. Tumebaki watatu, na hao wawili wanalima mashamba ya watu siku nne kwa juma. Wasichana hawajui kukanyaga udongo, na zile nyimbo za kukanyagia haziimbwi, maana mtu hawezi kuziimba amesimama tu. Juzi mtoto wa jirani aliniuliza kile chungu kidogo cha kunawisha wakwe kiliitwaje. Nikatafuta jina, nikatafuta, likaja jioni. Niliogopa, Hortense. Likinitoka mimi, hakuna mwingine wa kumuuliza.

Ofisini kwa serikali wanatuambia Batwa wa Kacuba wamekwisha. Wanasema kinamasi hakiwezi kurudishwa kwa vizee watatu na watoto wao. Basi Egide na padri wameanza orodha ya watoto wote wa Kacuba, popote walipo, Bukavu, Goma, kambini, ng'ambo. Mwezi wa sita itasomwa kwa sauti mbele ya ofisi, halafu itabandikwa ukutani. Haandikwi mtu asiyekubali mwenyewe. Tumefika arobaini na mmoja.

Wewe sikukuandika. Egide aliuliza, nikamwambia apite. Kalehe imejaa watu wenye ndugu huko kwenu, na karatasi iliyobandikwa ukutani leo, kesho iko kwenye simu zao. Neno nililokupa kuhusu Bonaventure nimelishika, na hili nalishika pia. Kama jina lako litamharibia mtoto ndoa yake, usiandikwe. Nakuambia hivi kwa moyo mweupe, sikutegi. Nimewahi kukutega lini?

Chungu kipakwe uji mara ya pili kabla ya siku yenyewe. Ule mchanga hauaminiki.

Vénantie


Vårby gård, 20 Mei 2024

Mama Mkubwa, mama yangu,

Nakusalimu. Miti imechanua na nina usingizi wa siku tisa unaonidai. Andika kila kitu, Egide, usiruke hata kama kinakusumbua.

Alhamisi, sikukuu ya Kupaa, Maombi alikuja kunisaidia kuosha mchele. Nilimwambia hapo hapo kwenye sinki, mgongo nimempa. Nilisema mimi ni Mutwa, na yeye ni Mutwa. Nikasema nina mama, anaitwa Vénantie, ndiye aliyefinyanga chungu, yuko hai. Nilitegemea ataniuliza Mutwa ni nini. Hakuniuliza. Akikasirika huwa anahamia Kiswidi, akasema, "Har jag en mormor?" Yaani, nina bibi? Nikasema ndiyo. Akauliza tena, miaka ishirini na minne yote nilikuwa na bibi? Akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na mchele tukauacha ukalowana mpaka ukaharibika.

Alilia, kisha akanigombeza vibaya. Hakuwa anagombeza kabila. Alisema alipokuwa darasa la pili waliambiwa wachore mti wa ukoo, yeye akachora shina na tawi moja, na mimi nilimsifu kwamba amechora vizuri. Sina la kujitetea hapo, Mama. Nilimsifu kweli.

Mwishoni akafuta uso akasema, kwa Kiswahili, "Jumamosi utasema weye, ao niseme mimi?"

Ukumbi wa mahari ulikuwa mtaa wa Tensta, umejaa. Elvire alikuwa ametengeneza maji ya ndizi yasiyochachuka, maana mchungaji hataki pombe, na chungu chako kimewekwa katikati na mirija kumi na minne. Hakikuvuja. Nilikuwa nimekipaka uji Ijumaa kama ulivyoniagiza. Mzee Léonidas akasimama na fimbo yake, akauliza kama desturi inavyotaka, nyumba hii tuliyofika ni ya nani? Bonaventure ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alifungua mdomo kusema Bahavu.

Nilisimama. Mwanamke hasemi wakati ule, unajua, na mama wa bibi harusi ndiyo kabisa. Nilisema, "Nyumba hii ni ya Batwa ba Kacuba. Hiki chungu amekifinyanga mama aliyenilea. Niliwadanganya mwaka mzima, na watu wa kanisa miaka ishirini. Kosa ni langu, si la mtoto. Asiyetaka kunywa nasi hatumulazimishe, juisi ya machungwa iko pale."

Nikaketi. Watoto walikuwa wanakimbizana nyuma na hawakujua kitu. Arnaud akainuka kwanza, akamshika Maombi mkono, wakainama wakanywa, tena sana, kama watu wenye kiu. Mzee Léonidas akautazama mrija wake. Akasema tumbo lake halikuamka vizuri. Akaenda kwenye juisi ya machungwa, na nusu ya meza yake ikamfuata, mmoja mmoja, wakiniomba radhi kwa macho. Niliwaona wote, na majina yao ninayajua.

Elvire alikunywa, amekunja uso, kisha akaja sikioni kwangu. "Mutwa si kitu kwangu," akasema. "Lakini ulicheka na mimi mu jikoni yangu mwenyewe, na unanificha." Tangu siku hiyo hajanipigia. Ana haki. Nitamfuata Södertälje juma lijalo, anifungulie asinifungulie.

Wa mwisho alikuwa Bonaventure. Alikunywa na kulia pamoja, mtu mzima wa miaka sitini. Anasema alikaa kwenye uwanja wako saa nzima, ukampa ndizi, na hakukuamkia kama mama wa dada yake wa kanisa. Anaomba umsamehe.

Harusi ipo Agosti. Mzee Léonidas ametuma habari kwamba hatahudhuria. Kanisani wapo wanaonipa mkono na wapo wanaoutafuta mfuko wao nikikaribia. Inauma kuliko nilivyofikiri. Usiku nalala, hata hivyo, na hilo ni jipya.

Sasa Egide, chukua kalamu. Uandike Hortense, mtoto wa Kacuba, Stockholm. Uandike Maombi, mtoto wa Hortense. Yeye amekataa niandike kwa niaba yake, ameandika mwenyewe chini hapa, mwandiko ule mbaya wa watu wa maabara. Tufanye tuwe arobaini na watatu.

Mtoto wako ambaye sasa anajulikana,
Hortense

Bibi, mimi ni Maombi. Nakubali niandikwe. Kiswahili changu kibaya, samahani. Nina maswali mengi.


Kacuba, 30 Juni 2024

Hortense na Maombi, watoto wangu,

Nawasalimu nyote wawili kwa pamoja. Sijawahi kuandika hivyo, na nimeiangalia sentensi hiyo muda mrefu. Kiangazi kimeanza. Bonaventure mwambieni alinisalimia vizuri tu, alikula ndizi nne. Na Elvire, Hortense, mfuate hata mara kumi, yule alikunywa. Maswali ya Maombi yaje yote. Nitayajibu kabla majina hayajaanza kunikimbia tena.

Orodha ilisomwa jana. Kinamasi hakijarudi, msije mkashangilia huko. Wamesema tume itakuja mwezi wa nane kuiangalia ile karatasi ya yule bwana mwenye miti, na tume tumeziona nyingi. Lakini safari hii hawakusema tumekwisha.

Tulikuwa tumesimama juani, na nyuma yetu watu wengi wa sokoni waliokuja kutazama. Karani anataja jina, mtu anaitika nipo, karani anaweka alama. Jina la aliye mbali likisomwa panakuwa kimya, naye anapitisha kalamu bila alama. Walipita hivyo watu tisa. Nilisikia mtu nyuma yangu anahesabu kimya hicho na kucheka.

Likasomwa langu nikaitika. Likasomwa la Hortense. Wale wa nyuma wakaanza kunong'ona, wengine wanakufahamu kwa kabila lingine. Nikaitika nipo. Likasomwa la Maombi, nikaitika nipo, kwa nguvu zaidi, kifua kikaniuma. Karani akavua miwani. Akasema, "Mama, mtu mmoja haitiki mara tatu."

Nikamwambia hao wako mbali, sauti zao zinachelewa kufika, yeye aweke alama tu. Akaniangalia. Akaweka. Halafu mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka pembeni, karani, rudi juu, umempita mwanangu wa Goma, na mwingine naye, rudi, umempita mdogo wangu. Karani akarudi mwanzo wa karatasi. Tuliwaitikia wote tisa, jua lilikuwa kali, na hakuna aliyecheka tena.

Mama yako na bibi yako,
Vénantie